Dai lako lina umri: mwongozo wa ukomo wa muda wa kufungua kesi za madai, kwa mtu wa Kigoma

Baba yangu mdogo aliuza madumu 40 ya mawese kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akija Mwandiga siku za soko. Jamaa alichukua kwa mali kauli, akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya daftari kwamba atalipa ifikapo tarehe 31 Desemba 2015. Hakulipa. Mwaka 2018 alileta shilingi laki tatu mkononi, wakapeana mikono, wakanywa chai, hakuna kilichoandikwa. Baada ya hapo zikafuata simu, vikao kwa mwenyekiti wa kijiji, na "mzee, nivumilie nivune tumbaku huko Urambo". Februari 2022 baba mdogo akachoka, akafungua kesi. Deni halikubishaniwa hata kidogo. Kesi ilitupwa kwa sababu moja tu: muda wake ulikuwa umekwisha wiki chache nyuma.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili, na tangu siku ile swali langu la kwanza kwa kila anayeketi mbele yangu ni "lini?" kabla ya "nani?" na "shilingi ngapi?". Kinachofuata ni utaratibu ninaoutumia. Sheria kuu ni Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, na namba chache za vifungu nitakazotaja ni za toleo la 2019. Kifungu cha 3 ndicho chenye meno: shauri lililofunguliwa nje ya muda litatupwa hata kama mdaiwa mwenyewe hakulalamikia ucheleweshaji. Hakimu analazimika kuliona hilo yeye mwenyewe. Hakuna kusema "tumuombe tu mwenzetu asiseme".

Hatua ya kwanza: itafute siku dai lilipozaliwa

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huhesabu kuanzia siku walipokasirika au siku waliponyimwa jibu la mwisho. Sheria huhesabu kuanzia siku sababu ya kudai ilipotokea.

Kwenye mkataba ni siku ahadi ilipovunjwa. Kama mtu alipaswa kulipa tarehe 31 Desemba na siku ikapita mkono mtupu, dai limezaliwa, hata kama wewe ulikuwa bado unamwita ndugu. Kwa ajali ni siku ulipogongwa. Kwa kashfa ni siku maneno yaliposemwa mbele ya watu au kuchapishwa. Kwa aliyeshtakiwa jinai kwa hila, dai la fidia huzaliwa pale kesi ile inapoisha kwa yeye kushinda, si siku alipokamatwa. Kwa kodi ya nyumba, kila mwezi usiolipwa una siku yake ya kuzaliwa, kwa hiyo miezi ya zamani inaweza kufa huku ya karibuni ikiwa hai.

Kuna makosa yanayoendelea. Jirani wa Gungu aliyeelekeza maji ya choo chake kwenye kiwanja chako, na maji bado yanatiririka, anakukosea upya kila siku, na muda huanza upya kadiri kosa linavyoendelea. Ila usililazimishe kila kosa liwe la namna hii. Ukuta wa jirani ulioanguka juu ya banda lako ulianguka siku moja tu.

Ardhi ya marehemu ina mtego wake. Kama marehemu alikuwa akiishikilia ardhi ile hadi anafariki, muda wa kuidai huhesabiwa kuanzia siku ya kifo. Hauhesabiwi kuanzia siku msimamizi wa mirathi alipoteuliwa. Nimeona familia za Ujiji zinazokaa miaka tisa zikibishana nani awe msimamizi, huku mtu wa nje ameketi kwenye nyumba. Siku msimamizi anapopatikana anadhani ana miaka 12 mbele yake, kumbe amebakiwa na mitatu. Na mirathi yenyewe, ikiombwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu tangu kifo chini ya kanuni za mirathi za mahakama za juu, ombi lazima lieleze sababu ya kuchelewa.

Hatua ya pili: jua dai lako ni la aina gani

Jedwali la Sura ya 89 ni refu, lakini madai ya watu wa kawaida huangukia sehemu chache.

Mkataba na deni la kawaida ni miaka 6. Kodi ya pango iliyolimbikizwa, miaka 6. Madhara, yaani ajali, kupigwa, kashfa, uzembe, uharibifu wa mali, ni miaka 3. Kudai ardhi irudi ni miaka 12, na hata kwa madai ya ardhi ya kimila zipo kanuni za mwaka 1964 zenye miaka hiyohiyo 12. Kukazia hukumu uliyoshinda, yaani kuomba mahakama imlazimishe aliyeshindwa kuitekeleza, miaka 12. Dai ambalo halikutajwa popote kwenye jedwali ni miaka 6.

Sasa lile ambalo watu hawalijui. Kudai fidia kwa kitendo kilichofanywa katika kutekeleza sheria iliyoandikwa ni mwaka 1 tu. Ng'ombe wako wamekamatwa na maofisa kwa maelezo kwamba waliingia hifadhini, wakafia zizini. Wewe unawaza ni uharibifu wa mali, una miaka mitatu. Wakili wa Serikali atasimama aseme kitendo kilifanyika chini ya sheria, muda ni mwaka mmoja, na umechelewa. Wafugaji wa Uvinza na Kaliua nawaambia hivi: dai lolote linalomgusa ofisa aliyekuwa kazini lihesabu kwa mwaka mmoja. Ukikuta baadaye kwamba ulikuwa na mitatu, hujapoteza kitu.

Kazi iko pembeni kabisa, haimo kwenye Sura ya 89. Ukifukuzwa kazi na unaona si haki, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kanuni za mwaka 2007. Migogoro mingine ya kazi, kama mishahara isiyolipwa, ni siku 60. Siku, si miezi. Mwalimu wa shule binafsi anayesubiri "bodi ikae" kwanza, akaja kwangu baada ya miezi miwili, ananikuta sina la kumpa isipokuwa fomu ya kuomba kusamehewa ucheleweshaji, na hiyo ina masharti yake.

Hatua ya tatu: hesabu kwa kalenda ya ukutani

Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Umepata barua ya kuachishwa kazi kuanzia tarehe 3 Juni 2025: tarehe 4 Juni ndiyo siku ya kwanza, tarehe 30 Juni ni ya 27, na tarehe 3 Julai ni ya 30. Jumamosi na Jumapili za katikati zote zimo ndani. Ni siku ya mwisho tu ikiangukia mwisho wa wiki au sikukuu ndipo unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Uligongwa na bodaboda tarehe 14 Machi 2023? Miaka mitatu inaisha tarehe 14 Machi 2026, ambayo ni Jumamosi, kwa hiyo mlango wa mwisho ni Jumatatu tarehe 16.

Lakini usiishi kwa Jumatatu hiyo. Mimi huandika tarehe mbili kwenye jalada: ya sheria, na ya kwangu iliyo mwezi mmoja kabla. Kwa kesi ya baba mdogo, ukihesabu kwa ukarimu ungeweza kufika Jumatatu tarehe 3 Januari 2022, maana tarehe 1 ilikuwa Jumamosi tena mwaka mpya. Ukihesabu kwa ubahili ungeishia Ijumaa tarehe 31 Desemba 2021. Mtu mwenye akili angekuwa masjala kabla ya Krismasi. Likizo ya Mahakama ya mwisho wa mwaka haigandishi muda wako wa kufungua kesi, na makarani wa masjala huwa kazini.

Hatua ya nne: angalia kama kuna kilichosimamisha saa au kuianzisha upya

Nianze na visivyosimamisha, kwa sababu ndivyo vinavyoua madai ya watu. Vikao vya familia havisimamishi. Kikao cha mwenyekiti wa mtaa hakisimamishi. Mazungumzo ya kupatana, hata yakiwa ya heshima na yameongozwa na shehe au mchungaji, hayasimamishi. Barua ya wakili ya kudai haisimamishi. Kuripoti polisi hakusimamishi. Hili linauma kwa sababu desturi yetu ni kumpa mtu nafasi, na anayekimbilia mahakamani anaonekana mgomvi. Mpe nafasi, hakuna ubaya, lakini nafasi hiyo iandikwe.

Kuandika ndiyo dawa. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia saini, au akilipa sehemu ya deni, muda huanza upya kuanzia siku ya kukiri au ya malipo ya mwisho. Zile laki tatu za mwaka 2018 zingempa baba mdogo miaka sita mipya, hadi 2024. Kesi yake ingekuwa hai na nafasi ikabaki. Lakini hakuwa na risiti, hakuwa na shahidi, na hati ya madai, yaani karatasi ya kufungulia kesi, haikuyataja malipo hayo hata kwa mstari mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mawese yale yalipotea hivyohivyo.

Kwa hiyo kila mdaiwa wako anapokuja kuomba muda, mpe karatasi. Maneno yanatosha hivi:

"Mimi ninayeishi Kibirizi, nakiri kwamba leo tarehe 9 Agosti 2025 nadaiwa na fulani shilingi 2,400,000 zilizobaki kwenye bei ya injini ya boti niliyochukua kwake. Nitalipa ifikapo tarehe 30 Novemba 2025." Jina kamili, saini au dole gumba, na mashahidi wawili wenye majina yao.

Akilipa sehemu, afadhali apitishe kwenye simu ya pesa kuliko mkononi, na ujumbe wa muamala usiufute. Ujumbe wa WhatsApp wa "bro nakumbuka deni lako" uhifadhi pia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa aina hiyo, ingawa mimi nikipewa kuchagua nachagua karatasi yenye saini. Na upate saini kabla muda wa kwanza haujaisha. Usisubiri dai lizikwe ndipo uanze kulifufua.

Yapo mengine yanayokata hesabu. Mtoto ambaye dai lake lilizaliwa kabla hajafikisha miaka 18 huanza kuhesabiwa anapofikisha umri huo, na mwenye maradhi ya akili huanza kuhesabiwa anapopata nafuu. Ukiwa umedanganywa, mathalani mtu ameghushi saini yako akauza kiwanja Bangwe wewe ukiwa hujui, muda huanza siku ulipougundua udanganyifu, au siku ambayo ungeugundua kama ungekuwa makini kiasi cha kawaida. Ugumu uko kwenye huo umakini: mtu anayepita mbele ya kiwanja kila wiki na kuona msingi unachimbwa hawezi kusema hakujua. Ukifungua kesi kwa nia njema kwenye mahakama isiyo na mamlaka, siku ulizotumia huko kwa bidii huondolewa kwenye hesabu. Mdaiwa akiwa nje ya Tanzania, siku zake za huko nazo zina namna ya kuondolewa, jambo la maana kwetu tunaofanya biashara na watu wanaovuka ziwa kwenda Kalemie au mpaka kwenda Burundi. Weka ushahidi wa lini aliondoka na lini alirudi.

Nigusie ardhi tena, maana kuna uongo unaozunguka vijijini: "nimelima hapa miaka 12, shamba ni langu". Si hivyo. Aliyekaribishwa kulima, au mpangaji, au ndugu aliyepewa sehemu ya kujihifadhi, hageuki mwenye mali kwa wingi wa miaka, kwa sababu alikaa kwa ruhusa ya mwenyewe. Mahakama ya Rufani imelisema hili mara nyingi. Miaka 12 humuumiza mwenye ardhi aliyeona mtu amevamia bila idhini, akanyamaza. Basi ukimkaribisha mtu, andika kwamba umemkaribisha.

Hatua ya tano: pita kwanza milango ya lazima, nayo uitengee siku

Ukitaka kuishtaki Serikali, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 hii inajumuisha halmashauri, wakala na mashirika ya umma, lazima utoe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Sasa rudi kwenye lile dai la mwaka mmoja. Siku 365 ukitoa 90 unabaki na 275. Notisi ikitoka mwezi wa kumi na moja umeshajikaanga kwa mafuta yako.

Kwa ardhi, tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu tena, linapatanisha tu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitapokea shauri lako bila uthibitisho kwamba kata imejaribu na kushindwa, ila kata ikikaa siku 30 bila kumaliza, unaruhusiwa kuendelea. Andika barua ya kuomba usuluhishi, igongwe muhuri wa kupokelewa, na hesabu siku 30 kuanzia hapo. Bila muhuri huo utazungushwa hadi uchoke.

Hatua ya sita: andika hati ya madai inayojibu swali la muda

Aya moja ya hati iseme waziwazi dai lilizaliwa lini na wapi. Na kama muda wa kawaida umepita lakini una kinga, iwe ni malipo ya sehemu, utoto, udanganyifu au kesi iliyokuwa kwenye mahakama nyingine, kinga hiyo lazima iandikwe ndani ya hati yenyewe. Amri ya VII kanuni ya 6 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka hivyo. Ukiitoa mfukoni siku ya kujibu pingamizi, umechelewa. Hapa ndipo baba mdogo alipoanguka mara ya pili.

Kufungua sasa ni kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Unapakia nyaraka, unapewa namba ya malipo, ile watu wanaiita kontro namba. Lipa siku hiyohiyo na utunze risiti. Nyaraka zilizopakiwa bila ada kulipwa zimeleta ubishi mwingi kuhusu tarehe halisi ya kufungua, na hakuna sababu ya wewe kuwa mfano mwingine. Usipakie usiku wa siku ya mwisho kwa simu yenye chaji asilimia nne.

Rufaa zina saa yake

Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine. Kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa Mahakama Kuu ni siku 90. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba ni siku 45. Zamani mtu wa Kigoma alipanda treni hadi Tabora kufuata Mahakama Kuu. Siku hizi ipo hapahapa mjini, kwa hiyo nauli si kisingizio tena.

Omba nakala ya hukumu na ya tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu, kwa barua siku hukumu inaposomwa, kwa kuwa kwenye rufaa nyingi siku za kusubiri nakala huondolewa. Ila kwa rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo sheria haikulazimishi kuambatanisha nakala, hivyo anayekaa nyumbani akisubiri nakala anapoteza siku zake 30 akijiona yuko sawa. Huu ndio mtego ninaokutana nao zaidi ya mwingine wowote.

Kama tayari umechelewa

Tenganisha mambo mawili. Kwa rufaa na maombi, mahakama inaweza kuongeza muda ukitoa sababu ya kutosha. Vigezo vilivyozoeleka ni vile vya shauri la Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010: eleza kipindi chote cha kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, onyesha bidii, na kama hukumu ina kasoro kubwa ya kisheria itaje. Majaji wanataka hesabu ya kila siku. Ulilazwa tarehe 2 hadi 11, ukatoka, tarehe 12 hadi 20 ulifanya nini? Leta karatasi za hospitali, tiketi, barua.

Kwa kesi mpya ya madai, hakimu hana uwezo huo. Anayeweza ni Waziri mwenye dhamana ya sheria peke yake, chini ya kifungu cha 44, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, na nyongeza haizidi nusu ya muda wa awali: dai la miaka 6 haliwezi kupata zaidi ya 3, la miaka 3 haliwezi kupata zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Maombi huandikwa kwa Waziri, na kibali kipatikane kabla ya kufungua kesi. Wachache wanaijua njia hii, na ni nyembamba.

Kama wewe ndiye uliyeshtakiwa

Soma tarehe kwenye hati uliyoletewa kabla hujasoma matusi yaliyomo. Ukiona muda umepita, weka pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka kesi itupwe kabla haijasikilizwa, pamoja na utetezi wako. Pingamizi hilo lisimame juu ya tarehe zilizoandikwa na mdai mwenyewe, maana likihitaji mashahidi kuthibitisha lini jambo lilitokea, litasubiri usikilizwaji. Na usiliegemee pingamizi ukaacha kujibu mengine: kwenye mahakama za Wilaya na kuendelea una siku 21 tangu ulipopokea wito za kuwasilisha utetezi wa maandishi, nazo zinahesabiwa kwa kalenda ileile.